Skafu ya misokoto inayotazamika pande zote mbili

Tanga mjini skafu nzito ni mzigo. Lakini mkoa ni huo huo: gari la Lushoto likishaiacha Mombo na kuanza kukwea, joto linabaki chini, na ikifika mwezi wa saba mtoto wa bweni kule juu hulala na sweta. Kwa hiyo skafu unayoifumia mwambao ifume ukimfikiria mtu wa milimani. Mwongozo huu ni wa anayejua tayari kufuma mshono wa laini na wa nundu, akaweza kutoa kitambaa cha mraba kisichopinda, na sasa anataka msokoto, yaani vitanzi vinavyopishanishwa vikatoa umbo la kamba kwenye kitambaa.

Misokoto mingi inayofundishwa ni ya sweta. Mbele inapendeza, nyuma ni nundu tupu zilizovurugika, na hakuna neno, kwani nyuma ya sweta imegusana na shati. Skafu haina nyuma. Ukiizungusha shingoni mara moja tu upande wa pili umeshatokeza, na kila mtu ameuona. Ndiyo maana tunashauri msokoto wa mbavu: vitanzi 12 vinavyofumwa laini 1, nundu 1, kisha 6 vinapishana na 6. Mbavu hujikunja zikaficha nundu zake, kwa hiyo kila upande unaona laini tu, na kamba inatokea mbele na nyuma. Na kama ilivyo kwa kamba ya katani, ambayo ukiigeuza msokoto wake haubadiliki, kamba ikilalia kulia upande huu, ukigeuza skafu utaikuta imelalia kulia vilevile.

Faida ya pili ni kwamba mistari yote, ukiacha ile ya kupishanisha, inafumwa kwa maneno yaleyale. Hakuna mstari wa mbele wala wa nyuma wa kukariri.

Uzi

Unahitaji uzi wa unene wa kati, ule wa sweta ya mtu mzima. Bila lebo, pima hivi: uzungushe kwenye rula, nyuzi zigusane lakini usiuvute. Ukipata mizunguko 9 hadi 11 ndani ya sentimita 2.5, huo ndio. Kwa skafu ya mtu mzima ya misokoto mitatu, upana wa karibu sentimita 20 na urefu wa sentimita 150, unakwenda mita 360 hadi 400. Bunda la gramu 100 la akriliki ya unene huu mara nyingi lina kama mita 200, lakini soma lebo, usikisie. Mabunda mawili yanaweza kutosha au yakakuishia umebakiza vidole vinne. Nunua matatu. Kwa skafu ya mtoto ya misokoto miwili, urefu wa sentimita 110, mita 200 zinakaribia sana, basi chukua mabunda mawili.

Nunua yote siku moja na hakikisha namba ya rangi iliyoandikwa kwenye lebo ni moja. Mabunda mawili ya bluu yaliyotoka kwenye mapipa tofauti ya rangi yanaonekana sawa dukani. Yakikaa juu na chini kwenye skafu moja, mstari wa mpaka unaonekana kutoka mbali.

Kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji ya Ngamiani, Tanga mjini, utakachokikuta zaidi ni akriliki. Inafaa: haichomi shingo, inafuliwa bila wasiwasi, na bei yake inabebeka. Pamba usiitumie kwa skafu hii. Pamba haina mnyumbuko, na mbavu bila mnyumbuko zinalegea zikafunguka, nundu zikatokea katikati, na msokoto ukalala kama chapati. Uzi wa manyoya nao uache, kwa sababu unafunika kazi yote. Rangi nyeusi na bluu ya usiku pia hazionyeshi misokoto, lakini kama shule imeshapanga rangi hakuna la kufanya. Hapo fuma mchana, karibu na dirisha.

Ukitaka sufu halisi, iko kwenye mitumba. Tafuta sweta nzito yenye asilimia kubwa ya sufu kwenye lebo yake, kisha igeuze ndani nje utazame mishono ya ubavuni. Ikiwa kingo za vipande ni nzima na zimeunganishwa kwa uzi wa mnyororo, itafumuka vizuri tangu mwanzo hadi mwisho. Ikiwa zimekatwa kwa mkasi na kupigwa overloki, iache: kila mstari umekatwa, utapata vipande vya nusu mita. Iache pia iliyosinyaa na kushikana kama blanketi, kwa maana nyuzi zake zimeshaoana, hazifumuki tena. Ambayo haina lebo ijaribu kwa moto: chomoa uzi mfupi, uwashe juu ya sahani. Sufu hunuka nywele zilizoungua, hujizima yenyewe, na huacha jivu linalosagika vidoleni. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Usikiguse kikiwa cha moto.

Uzi uliofumuliwa utakuwa na mawimbi. Uzungushie mgongo wa kiti, funga mahali panne kwa uzi wa rangi nyingine, chovya katika maji ya uvuguvugu, kamua kwa taulo, kisha tundika kivulini mpaka ukauke. Ukifuma bila kunyoosha mawimbi, vitanzi havitalingana. Ikiwa ni mwembamba, fuma nyuzi mbili kwa pamoja, ukiupima kwanza kwenye rula kama hapo juu.

Sindano na kijiti cha kupishanishia

Sindano za milimita 5, jozi moja. Za mianzi zinashika vitanzi vizuri kwa anayeanza, ila wakati wa kaskazi, kiganja kikitoka jasho, akriliki hung'ang'ania kwenye mianzi na plastiki mpaka kila kitanzi kinasukumwa kwa nguvu. Msimu huo sindano za chuma ni afadhali. Sindano za plastiki tusingezishauri kabisa kwa misokoto, maana zinapinda wakati wa kupishanisha, na ncha zake butu hazipenyi vitanzi vilivyokazwa.

Kijiti cha kubebea vitanzi wakati wa kupishanisha hakina haja ya kununuliwa. Sharti lake ni moja, kiwe chembamba kuliko sindano, kisivitanue vitanzi. Kijiti cha mshikaki kinafaa: kata sentimita 15, chonga ncha zote mbili, piga msasa laini, kisha kisugue kwa kipande cha mshumaa na ukifute. Pitisha ncha kwenye soksi ya nailoni au kitambaa laini. Ikinasa mahali, rudia msasa. Kizuri zaidi ni spoki ya baiskeli. Fundi baiskeli atakupa iliyovunjika, nawe utaikata kiasi hichohicho, utatia ncha tupa na msasa mpaka zisikwaruze, kisha utaikunja katikati kidogo kwa koleo, kama herufi V iliyofunguka sana. Huo mkunjo ndio unaozuia vitanzi visiteleze wakati kijiti kinaning'inia.

Vingine: sindano nene ya kushonea yenye tundu kubwa, mkasi, futi ya fundi cherehani, uzi mwembamba wa pamba wa rangi tofauti, na karatasi na kalamu.

Kipimo

Panda vitanzi 24, fuma mistari 28 ya upande mmoja laini na upande mmoja nundu, kisha hesabu katikati ya kitambaa. Ndani ya sentimita 10 unataka vitanzi 18. Ukipata 20 au zaidi mkono wako unakaza, nenda sindano ya 5.5. Ukipata 16, shuka 4.5. Kwenye skafu kosa la kitanzi kimoja halimkeri mvaaji, lakini linakula uzi: anayefuma kwa kulegea anatumia uzi mwingi zaidi kwa idadi ileile ya vitanzi.

Kuanza

Misokoto huvuta kitambaa kwa ndani. Ukipanda vitanzi 52 na kuendelea navyo moja kwa moja, mwanzo wa skafu utafunguka kama tarumbeta. Dawa yake ni kuanza na vichache na kuongeza pale misokoto inapoanzia.

Vipimo vifuatavyo ni vya misokoto mitatu; vya mtoto, misokoto miwili, viko kwenye mabano.

Acha mkia wa uzi wa sentimita 100 (75) na upande vitanzi 40 (28) kwa njia ya mkia mrefu. Kila kitanzi kinakula karibu sentimita 2 za mkia, na zinazobaki ni za kufichia baadaye. Panda kwa kulegeza. Ukingo wa mwanzo uliokazwa haulegezwi baadaye kwa maji wala kwa pasi.

Fuma mistari 6, vitanzi vyote laini.

Mstari wa 7 ni wa kuongeza: laini 4, kisha *(laini 2, ongeza 1) mara 4, laini 4*, rudia kilichomo kati ya nyota mpaka mwisho. Uwe na vitanzi 52 (36). Kuongeza ni kuinua uzi uliolala kati ya kitanzi ulichomaliza na kinachofuata, kuuweka kwenye sindano ya kushoto na kuufuma kwa mguu wake wa nyuma ili ujisokote. Ukiufuma kwa mguu wa mbele utaacha tundu, na matundu 12 kwenye mstari mmoja hayajifichi.

Sasa funga kipande cha uzi mwekundu kwenye upande unaokutazama baada ya kugeuza kazi. Huo ndio upande wa kupishanishia. Kwa kuwa pande zote zinafanana, bila alama hii utapishanisha mara upande huu, mara upande ule.

Mistari 12 ya msokoto

Mstari wa kawaida: laini 4, kisha *(laini 1, nundu 1) mara 6, laini 4*, rudia mpaka mwisho.

Fuma mstari huo mara 6. Mstari wa 7 ni wa kupishanisha. Wa 8 hadi wa 12 ni mistari ya kawaida tena. Hapo duru moja imekwisha, anza upya. Kutoka kupishanisha kumoja hadi kungine ni mistari 12, na alama nyekundu lazima iwe inakutazama kila unapopishanisha. Ikiwa haikutazami, umeruka au umezidisha mstari. Simama hapohapo.

Mstari wa kupishanisha, hatua kwa hatua. Fuma laini 4. Hamishia vitanzi 6 vinavyofuata kwenye kijiti, kimoja kimoja, ukiviingia kama unayetaka kufuma nundu ili visijigeuze. Kipeleke kijiti nyuma ya kazi, kiache kining'inie. Kwenye sindano ya kushoto sasa kuna vitanzi 6 vingine vya msokoto huohuo: vifume (laini 1, nundu 1) mara 3. Cha kwanza kitagoma kidogo kwa kuwa kinavutwa kuvuka. Kivute uzi wake ukae sawa kabla ya kuendelea, la sivyo patabaki mwanya. Kisha rudi kwenye kijiti, visogeze vitanzi kwenye ncha yake ya kulia, na uvifume moja kwa moja kutoka kijitini: (laini 1, nundu 1) mara 3. Hakikisha kijiti hakijajizungusha. Kitanzi cha kwanza kuhamishwa ndicho cha kwanza kufumwa. Laini 4, na uendelee na msokoto wa pili.

Kijiti kikikaa nyuma, kamba inalalia kulia. Kikikaa mbele, inalalia kushoto. Kwenye misokoto miwili inapendeza mmoja kwenda kulia na mwingine kushoto. Kwenye mitatu, wa pembeni uelekeze kila mmoja upande wake, wa katikati chagua mwenyewe. Kilicho muhimu ni kuandika karatasini, N kwa nyuma na M kwa mbele: N, N, M, au utakavyoamua, na usibadilishe katikati ya safari.

Mstari wa 6, unaotangulia kupishanisha, ufume kwa kulegeza kidogo makusudi. Vitanzi 12 kuvukana ni mvutano, na waliokaza mstari wa 6 ndio wanaolalamika kwamba sindano haiingii.

Jambo moja linalofundishwa sana tungependa uliache hapa: kuhamisha kitanzi cha kwanza cha kila mstari bila kukifuma ili pindo liwe na mnyororo mzuri. Kwenye skafu hii pindo ni laini tupu pande zote, ambalo tayari ni fupi kwa urefu kuliko mbavu. Ukihamisha kitanzi cha kwanza, kinafumwa mara moja kila mistari miwili, pindo linazidi kufupika, na skafu inajikunja kama ndizi. Fuma kitanzi cha kwanza kama vingine.

Uzi wa akiba

Kila baada ya duru mbili, mstari wa 8 ukishaisha, chukua uzi mwembamba wa pamba kwenye sindano ya kushonea na uupitishe ndani ya vitanzi vyote 52 vikiwa bado kwenye sindano ya kufumia. Uache ning'inio la kiganja kila upande. Ukiharibu mbele, unachomoa sindano, unafumua bila woga, na kazi inasimama kwenye uzi huo. Unarudisha vitanzi kwenye sindano kwa kufuata njia yake. Kwa msokoto wa kawaida wa sweta mafundi hushusha vitanzi vya msokoto mmoja tu na kuvipandisha tena kwa ndoano ya kroshia. Kwa mbavu kufanya hivyo ni mateso, kwani kila kitanzi cha pili kinapanda kutokea nyuma, na 12 vinachanganyikana. Fumua mstari mzima.

Yanayoharibika

Vitanzi vimekuwa 53, kisha 54. Hili ndilo kosa la kila anayeanza mbavu. Ukitoka laini kwenda nundu, uzi lazima uje mbele ukipita kati ya sindano mbili. Ukitoka nundu kwenda laini, urudi nyuma kwa njia hiyohiyo. Ukipitishwa juu ya sindano unazaa kitanzi cha bandia na tundu chini yake. Hesabu vitanzi mwisho wa mstari wa 6 na wa 12. Ukiona kimezidi kwenye mstari huohuo, kitazame: cha bandia hakina shingo chini yake, kimelala kama kamba juu ya sindano. Kidondoshe tu, ulegevu wake utagawanyika kwa majirani.

Mbavu zimehama: mahali pa laini pamekuwa nundu. Hutokea ukirudi kwenye kazi baada ya kuiacha, ukaanza na mpangilio usio wake. Acha kuhesabu "moja, mbili", jifunze kutazama. Kitanzi chenye umbo la V kinachokukabili kifume laini. Chenye kifundo shingoni kifume nundu. Ukishaona hivyo hutahitaji karatasi isipokuwa kwa duru.

Kitanzi kimoja kilegevu kwenye ukingo wa kushoto wa kila msokoto. Hiki hakitokani na uzembe. Uzi unapotoka kwenye nundu na kwenda kwenye laini ya pindo, au kinyume chake, unasafiri njia ndefu kidogo, na ziada inaishia kwenye kitanzi cha jirani. Vuta uzi kidogo baada ya kufuma kitanzi cha kwanza cha zile laini 4, siyo kabla. Baada ya duru tatu hivi mkono utakuwa umezoea.

Msokoto mmoja umegeukia upande mwingine. Kijiti kilikaa mbele badala ya nyuma. Ukiligundua ndani ya duru moja, fumua mpaka kwenye uzi wa akiba. Ukiligundua baada ya nusu mita, amua kwa macho yako: msokoto mmoja uliogeuka kwenye skafu iliyokunjwa shingoni hauonekani kirahisi, na kufumua nusu mita ni jioni kadhaa.

Umesahau umefika mstari wa ngapi. Ivute skafu kwa upana karibu na msokoto. Pale ulipopishanisha utaona mwanya mdogo unaopita kati ya vikundi viwili vya vitanzi, na kidole kinaweza kuugusa ukitokea nyuma. Hesabu V kutoka juu ya mwanya huo, kwenye ubavu mmoja wa laini, mpaka chini ya sindano. Usihesabu zilizo kwenye sindano. V ya kwanza juu ya mwanya ni ya mstari wa kupishanisha wenyewe. Zikifika 11, pamoja na zilizo kwenye sindano ni mistari 12, na mstari unaofuata ni wa kupishanisha.

Misokoto inakunja skafu kupita kiasi, imekuwa ngumu kama ukosi wa koti. Unapishanisha kabla ya mistari 12, au sindano ni ndogo. Kupishanisha kila mistari 8 kunawezekana kwa vitanzi 6, lakini kwa 12 kunanyonga kitambaa.

Kuunga uzi

Bunda likiisha, usifunge fundo katikati ya msokoto, litatokeza upande mmoja. Unga kwenye pindo: acha mkia wa sentimita 15 wa uzi wa zamani na wa mpya, fuma vitanzi 3 vya mwanzo wa mstari kwa nyuzi zote mbili, kisha endelea na mpya. Mstari unaofuata kumbuka kwamba hivyo 3 ni vitanzi 3, siyo 6. Sufu halisi ina njia nzuri zaidi: chambua ncha mbili, zipishanishe kama sentimita 5, zilowanishe na usugue kwa nguvu katikati ya viganja mpaka zioane. Akriliki haioani hata ukisugua mpaka ngozi iwake moto.

Kumaliza

Kwa sentimita 150 unahitaji kama duru 32. Kwa mtoto sentimita 110 ni duru 24. Pima skafu ikiwa imelala mezani. Ukiishika juu itanyooka na kukudanganya. Maliza duru ya mwisho mpaka mstari wa 12.

Mstari wa kupunguza: laini 4, kisha *(laini 1, fuma 2 pamoja laini) mara 4, laini 4*, rudia mpaka mwisho. Umerudi kwenye vitanzi 40 (28). Fuma mistari 6 laini. Funga vitanzi kwa kutumia sindano ya milimita 6 mkono wa kulia ikiwa unayo, kwa sababu wengi hukaza hapa, na ncha moja ya skafu inakuwa nyembamba kuliko nyingine. Hakikisha umebaki na uzi wa angalau mara tatu hadi nne ya upana wa skafu kabla ya kuanza kufunga.

Mikia yote ifiche kwa sindano ya kushonea ndani ya pindo la laini, ukifuata matuta yake sentimita 5 kwenda, kisha 2 kurudi. Usiifiche ndani ya msokoto: mbavu zikivutwa mkia unachungulia.

Kulaza na kukausha

Sufu: loweka dakika 20 kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo isiyo kali, usisugue, usibadilishe ghafla kutoka maji ya moto hadi ya baridi, la sivyo itasinyaa. Itoe ukiibeba kwa mikono miwili, izungushie taulo na ukanyage kutoa maji. Tandika kanga kuukuu juu ya mkeka kivulini, ilaze skafu, nyoosha mapindo kwa vidole mpaka yalingane na mbavu, na uiache. Usizivute mbavu kwa upana. Ukizikausha zikiwa zimefunguka, msokoto wa upande wa pili unapotea. Usiianike kwenye kamba. Uzito wa maji utairefusha na haitarudi.

Akriliki haihitaji zaidi ya kufuliwa na kulazwa vivyo hivyo. Pasi ndiyo adui yake. Joto likiigusa moja kwa moja, mnyumbuko unakufa, mbavu zinalala, na hakuna cha kuzirudisha. Pasi ya mkaa ni mbaya zaidi kwa kazi hii: huwezi kupima joto lake, na cheche moja inayoyeyusha kitanzi imetoboa skafu. Ikiwa pindo limejikunja kabisa, tandaza kitambaa chenye maji juu yake, shikilia pasi hewani juu ya kitambaa bila kukigusa, acha mvuke ushuke, kisha nyoosha kwa mkono.

Unyevu wa mwambao huleta ukungu kwa kilichofungiwa kabatini kikiwa hakijakauka vizuri, na sufu iliyochafuka kwa jasho ndiyo inayopendwa na viwavi wa nondo. Kabla ya kuiweka ifue, ikauke siku mbili nzima, ndipo uitie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa pamoja na mita chache za uzi uliobaki, wa kuzibia itakaponasa kwenye msumari.